Dada wa Iringa, usipandie treni Makambako

Kuna dada kaniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Niko Iringa mjini, sijawahi kupanda treni maishani. Mwezi wa nane nina likizo ya wiki moja, nataka nimchukue mwanangu wa miaka 10 tukaione Mbeya, halafu tufike Tunduma na ikiwezekana tukanyage Zambia. Wenzangu kazini wanasema nikapandie Makambako maana ndiyo stesheni ya karibu. Wengine wananikatisha tamaa, eti Mbeya ni vumbi na makanisa tu, na Tunduma ni ya wahuni. Kaka, inafaa au nimpeleke mtoto Dar akaone bahari kama watu wengine?"

Kamwene dada. Inafaa, tena sana, na bahari haikimbii. Mimi nimekulia Iyunga pale Mbeya, nyumba yetu ukifungua dirisha la nyuma unaiona reli, na miaka 14 sasa kazi yangu ni kuzungusha wageni huku nyanda za juu kusini. Kwa hiyo hili swali lako nimelipenda kuliko maswali yote ya Ngorongoro ninayoletewa na watu, na hata Ngorongoro siendi.

Tuanze na hilo la Makambako maana ndiyo kosa kubwa. Ni kweli ni karibu, unapanda basi la Mbeya asubuhi, unapita Mafinga, kabla ya mchana uko stesheni. Lakini dada, ukipandia Makambako unakuwa umeingia harusini watu wananawa mikono. Kipande chenyewe cha hii reli, kile kinachofanya Wazungu watoke kwao na kamera zao, ni kati ya Mlimba na Makambako, kilomita kama 158 hivi, treni inatoka bonde la Kilombero chini kabisa kwenye joto na mpunga inapanda mpaka kwenye baridi ya Wabena. Reli nzima ya TAZARA, yaani ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia na ina mahandaki zaidi ya 20, sasa mengi yako hapo hapo, unatoka kwenye moja hujamaliza kushangaa daraja unaingia kwenye lingine. Kuna daraja la mto Mpanga lina nguzo za urefu wa karibu mita 50, ukichungulia dirishani unaona miti chini kama mboga za majani bustanini. Huko barabara ya lami haipiti. Hukuoni kwa basi hata uwe na hela kiasi gani.

Kwa hiyo wewe wa Iringa fanya hivi. Panda basi la Dar asubuhi, shuka Kitonga taratibu na mibuyu yako ya Mbuyuni, teremka Mikumi, pale unapata gari za kwenda Ifakara, unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa na Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa. Ifakara kuna stesheni ya TAZARA. Chukua gesti, oga, mtoto alale kidogo, maana treni inayotoka Dar mchana au alasiri inafika huko usiku. Mpangilio uliozoeleka ni treni mbili kwa wiki, Dar inatoka Jumanne na Ijumaa, ila usifunge begi kabla hujaulizia stesheni wiki hiyo hiyo, na uliza mambo mawili: inatoka siku gani, na inaishia wapi. Mwezi wa tisa mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina ya CCECC kuikarabati na kuiendesha hii reli kwa miaka 30, na reli ikiwa kwenye matengenezo ratiba ya abiria ndiyo ya kwanza kuguswa. Namba ya mtu wa stesheni ya Ifakara ni mali kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani.

Na treni ikichelewa usinune. Nasema kweli, kwenye safari hii kuchelewa ni baraka. Ikiwahi sana unaipita milima ya Mlimba gizani na umekula hasara, ikichelewa masaa matatu manne jua linakukuta katikati ya mahandaki. Wateja wangu huwa nawaambia waombe ichelewe, wanadhani natania.

Ndani ya treni: daraja la kwanza vyumba vya vitanda 4, la pili vitanda 6, halafu kuna behewa za kukaa. Wanawake wanawekwa na wanawake, wanaume na wanaume, mtoto wa miaka 10 mwambie mapema mkaguzi kwamba uko naye ili msitenganishwe, au mkiwa watu wanne nunueni chumba kizima mfunge mlango wenu. Wewe chukua kitanda cha chini, mtoto atataka cha juu, mwache. Kuna behewa la chakula, wali kuku, wali nyama, chai, soda, bia, na kukaa humo kwenyewe ni starehe maana kila mtu anaongea na kila mtu, mfanyabiashara wa Kongo na mama wa Kyela meza moja. Maji ya kunywa beba yako, tishu beba, tochi beba. Na usile ukashiba ndani kabla ya Mlimba.

Kwa sababu Mlimba treni ikisimama, hata iwe saa nane za usiku, wanakuja akina mama na masinia kichwani wameshikilia tochi za simu kwa meno. Nawaza hapa naiona kabisa: dirisha lako liko juu, mama yuko chini, anakunyooshea sinia mkono umenyooka wote, kuku wa kienyeji vipande, wali kwenye mfuko, ndizi mbivu za bondeni zile ndogo tamu, unachagua, unamrushia hela, treni inapiga honi, yeye anakimbia sambamba na behewa anakurudishia chenji na hakosei. Sijawahi kuibiwa chenji Mlimba hata siku moja. Mjini nimeibiwa mara ngapi.

Asubuhi mpe mtoto kazi ya kuhesabu mahandaki, kila likipita aandike kijiti kwenye daftari, atapotea hesabu mahali fulani na mtabishana, ndiyo raha yenyewe. Mwambie pia kwamba hii inaitwa Reli ya Uhuru na sio kwa mapambo. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, Zambia ikabaki na shaba yake imefungiwa njia ya kusini, nchi za Magharibi zikaambiwa zisaidie kujenga reli zikasema hailipi, Nyerere na Kaunda wakaenda China, mkataba ukasainiwa Beijing 1967, kazi ikaanza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye ujenzi, makaburi yao yako Gongo la Mboto Dar. Wa kwetu waliokufa hawana bango kubwa namna hiyo, lakini ukikaa na wazee wa Mlimba watakutajia majina.

Ikifika Makambako utaona watu wanavaa masweta ghafla kama wamepewa amri. Hapo salamu bado ni yenu, kamwene, maana Wabena na ninyi Wahehe mnaelewana. Sasa hiki ndicho nilitaka nikwambie kuliko vyote: safari hii isikilize. Watu wanakwenda kupiga picha milima, milima ni mizuri sikatai, lakini kitu hasa cha hii njia ni jinsi watu wanavyobadilika behewani. Bondeni ulisikia Kipogoro na Kindamba, Makambako kamwene, ukianza kushuka kuelekea Chimala unaingia Usangu, na hapo usidhani ni Wasangu peke yao, kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe, na pale Rujewa kuna Wabaluchi, watu ambao babu zao wametoka kule Iran na Pakistani wakaja kufanya biashara, leo ni wakulima wa mpunga wanaoongea Kisangu bila kujikwaa. Halafu treni inapanda tena mpaka Uyole, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima ya nchi mbili, hakuna mbwembwe, usipoambiwa unaipita hivi hivi. Dakika chache uko Mbeya na unasikia "ugonile", ukijibiwa "ndaga" ujue umeshukuriwa Kinyakyusa.

Stesheni ya Mbeya iko nje ya katikati ya mji, kama kilomita 4 au 5, pembeni ya barabara kuu ya Tunduma. Bajaji zipo nje, elewana bei kabla hujakaa.

Haya, vumbi na makanisa. Vumbi lipo hasa huo mwezi wako wa nane, na makanisa yapo mengi kweli, Wamoraviani walikuwa Rungwe tangu 1891, wasingekosa. Lakini anayesema hakuna kitu hajawahi kukaa Mwanjelwa asubuhi. Mbeya mji haukuanza kwa kabila moja dada, ndiyo maana. Ardhi ni ya Wasafwa, Loleza ile milima unayoiona juu ya mji ni yao, ila mji wenyewe ulianzishwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaja Waingereza, Wahindi wakafungua maduka, Wanyakyusa wakapanda kutoka Tukuyu na Kyela, Wakinga wakashuka Makete na biashara zao, Wandali, Wanyiha, Wamalila na kina nani, halafu barabara ya Zambia ikapita, halafu reli. Hata mitaa yake angalia: kuna Ghana, kuna Soweto, kuna Kabwe jina moja na mji wa Zambia. Unazunguka Afrika kwa bajaji.

Mwanjelwa nenda saa moja na nusu hivi asubuhi kabla jua halijakolea. Soko la zamani liliungua 2006, hili unaloliona ni jipya, lakini biashara yenyewe inamwagika mpaka barabarani na ndiyo uzuri wake. Nenda upande wa mchele. Kuna mama mmoja nampelekea wageni kila mara, anauza wa Kyela na wa Mbarali, ana magunia sita wazi mbele yake na kisado, lile kopo la rangi, ndiyo kipimo. Ukimuuliza wa Kyela uko wapi hakuonyeshi kwa kidole, anachota kiganjani anausugua kidogo anakwambia nusa. Unanusa. Halafu anachota wa gunia la pili anakwambia nusa na huu. Ukikosea anacheka mpaka jirani yake Mkinga wa ndoo za plastiki anakuja kuona kuna nini, wanaanza kuongea wao kwa wao, yeye Kinyakyusa mwenzake anajibu Kikinga katikati wanakutana kwa Kiswahili, na wewe umesahaulika umesimama na mchele mkononi. Hiyo nusu saa mimi siibadilishi na hifadhi yoyote. Angalia tu jinsi anavyopiga kisado, kuna kujaza kwa kilima na kuna kusawazisha kwa kiganja, bei ni tofauti, uliza kabla.

Mchana mpeleke mtoto Uhindini aone yale maduka ya zamani yenye varanda, jengo limeandikwa mwaka juu, chini wanauza vocha. Chakula, Mbeya hamna shida, ndizi za kupika na nyama Wanyakyusa wanaita mbalaga, maparachichi ya Rungwe ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, samaki wa ziwa Nyasa akiwepo mbasa usimwache. Kitimoto sijui imani yako kwa hiyo nanyamaza, ila mji huu unaijua kazi hiyo. Ukiwa na siku ya ziada nenda Tukuyu kwenye Daraja la Mungu pale Kiwira, kuna noah na kosta, unarudi jioni. Ila kitu kimoja cha mwezi wa nane: kuanzia tarehe 1 mpaka 8 kuna maonyesho ya Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Uyole, gesti zinajaa na bei zinapanda. Kama unaweza, njoo kuanzia wiki ya pili.

Ukifika na treni ya Jumanne maana yake unaingia Mbeya Jumatano, unakaa mpaka Jumamosi unaidaka ile iliyotoka Dar Ijumaa, inakupeleka Tunduma. Ni kama kilomita 120 za reli tu, ukanda wa kahawa wa Mbozi, Mlowo, Vwawa ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa wa Songwe tangu ulipomegwa 2016. Ukikosa treni kosta zipo siku nzima na mimi sizipendi kwa sababu ya ule mteremko wa Senjele, malori yamebeba shaba yanashuka, huwa napita nimefumba macho na nina miaka 40 na ushee. Lakini kosta ina faida moja, unaweza kuchepuka kwenda kuona Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake kama mita 3 na uzito wa tani nyingi, mtoto wa miaka 10 akiligonga kwa jiwe dogo likalia kama kengele atasimulia shule mwaka mzima. Basi nenda kwa treni, rudi kwa kosta mchana, kimondo uone wakati wa kurudi.

Sasa Tunduma. Sio ya wahuni, ni ya watu wenye haraka, na mgeni asiye na haraka kati ya watu wenye haraka anaonekana. Treni ikichelewa unaingia usiku kwa hiyo gesti piga simu toka ukiwa Mbeya, wakupokee stesheni mtu unayemjua jina. Asubuhi ndipo utaielewa. Mji ni barabara moja ya malori, foleni wakati mwingine inakwenda kilomita na kilomita, madereva wanapika pembeni ya matairi, wanafua, wananyoana. Barabarani utasikia Kinyamwanga, Kibemba, Kiswahili cha Lubumbashi, Kisomali, na kijana wa Kichaga anauza spea.

Mpaka wenyewe ni mstari wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, Wanyamwanga walilala kabila moja wakaamka nchi mbili. Mpaka leo shangazi yuko Nakonde na mpwa yuko Tunduma. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja. Mtanzania huhitaji visa kuingia Zambia, lakini unahitaji pasipoti au ile hati ya dharura ya Uhamiaji, ya mtoto peke yake sio kwenye jina lako, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kwa kuwa unasafiri naye peke yako beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya baba yake ya kuridhia. Utaona watu wanavuka kwenye vichochoro kama wanaenda dukani, usiwafuate, wao wanajuana na wewe hujuani na mtu.

Hela usibadilishe barabarani. Mimi mwenyewe mtaalamu wenu, mwaka 2014, kijana mmoja mchangamfu alinibadilishia nikaondoka natabasamu, nimefika kula naambiwa hizi kwacha ni zile za zamani zenye masifuri matatu zaidi, zilishaondolewa 2013. Nilikula kwa kukopa. Nenda duka la kubadilishia fedha, na badilisha kidogo tu kwa sababu Nakonde shilingi inapokelewa sehemu nyingi na Kiswahili kinaeleweka.

Ukivuka angalia simu yako, saa inarudi nyuma saa moja. Mwachie mtoto agundue mwenyewe. Halafu cheza naye mchezo wa majina: ugali huku ni nshima, mitumba ni salaula, dagaa ni kapenta, kitenge ni chitenge, na asubuhi hakuna ugonile ni "mwashibukeni", shukrani ni "natotela". Hatua mia mbili tu hizo dada.

Na muulize mama yeyote wa sokoni akuoneshe chikanda. Inaonekana kama soseji ya kahawia, wanaikata vipande, Wazambia wanaipenda sana, imetengenezwa kwa karanga na viazi vidogo vya maua fulani ya okidi. Sasa viazi hivyo vingi vinatoka kwetu, kule Makete na Kitulo na milima mingine, vilichimbwa vikavushwa hapa Tunduma kwa magunia mpaka maua yakaanza kuisha, na ni mojawapo ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa 2005. Mimi nikikiona kile kipande kwenye sahani sijui nile au nisile. Mtoto wako atakula tu, watoto hawana shida.

Jioni rudini upande wetu mlale Tunduma, kesho yake kosta ya asubuhi mpaka Mbeya na kimondo njiani, halafu basi la Iringa siku inayofuata. Wiki moja imeisha. Na sweta dada, najua Iringa mna baridi na utaniambia umeizoea, ila Uyole mwezi wa nane alfajiri ni habari nyingine, beba mbili mbili.